Mgeni Mwenye Mshahara: Kodi ya Chumba Katika Kaunti ya Busia

Askari anapopokea barua ya uhamisho, jambo la kwanza analouliza ni kuhusu kituo. Bibi yake huuliza kuhusu nyumba. Swali la bibi ndilo gumu zaidi. Kituo kimekwisha kupangwa na wakubwa, kina ofisi yake na bendera yake. Nyumba haijulikani iko wapi, ina maji au haina, jirani ni nani, na mwisho wa mwezi itameza kiasi gani cha mshahara.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi: askari hukaa kambini. Familia nyingi za polisi wa Uganda zimelea watoto katika vile vijumba vya mabati vya mviringo ambavyo wenyewe wameviita "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake humlazimisha mtu kuinama na nafasi yake ndani haimruhusu kugeuka kwa haraka. Kijumba hicho kina joto mchana na baridi usiku, lakini mwenye nyumba wake ni serikali, wala hakuna anayebisha hodi tarehe 5 kudai kodi. Upande wa Kenya nako laini za polisi zilikuwa na msongamano wake, familia mbili zikigawana chumba kwa pazia. Mwezi wa Septemba 2018 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba polisi watalipwa posho ya nyumba nao wakae miongoni mwa raia. Tangu siku hiyo familia nyingi za askari zilianza kujifunza kazi mpya, ambayo haifundishwi chuoni: kazi ya kuwa mpangaji.

Mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo ni kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, mpakani na Uganda. Kaunti hiyo inaanzia nchi ya Wateso upande wa Malaba, inashuka kwa Wakhayo na Wamarachi, hata kufika kwa Wasamia na Wanyala kwenye Ziwa Victoria. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 893,681. Walio wengi ni wakulima wa mihogo, mahindi, mtama, wimbi na viazi vitamu, na walio karibu na ziwa ni wavuvi wa omena na sangara. Hadi mwaka 1902 nchi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mstari wa mpaka ukasogezwa, watu wakabaki walipo. Ndiyo maana Msamia au Mteso wa Kenya huvuka kwenda matangani kwa shangazi yake wa Uganda na kurudi kabla ugali haujapoa.

Katika nchi ya namna hiyo kodi ya nyumba ni jambo geni. Mtoto wa kiume akipata umri hujenga kibanda chake katika boma la babaye, kwa udongo na mabati, na hakuna anayemdai. Sensa hiyo hiyo ya 2019 ilionyesha kwamba, katika Kenya nzima, takriban kaya sita kati ya kila kumi zilikaa katika nyumba zao wenyewe, lakini mijini takriban nane kati ya kila kumi zilikaa katika nyumba za kupanga. Basi kodi huanza pale mashamba yanapoishia na lami inapoanzia: Busia mjini, Malaba, na kando ya barabara ziendazo huko.

Anayeileta kodi hiyo ni mgeni mwenye mshahara. Wa kwanza walikuwa makarani wa forodha, polisi, walimu na madereva wa malori. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, mji wa Busia ukawa makao makuu, ukapokea maofisa na makarani wapya. Mwezi wa Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa ili magari yakaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Huko Alupe, nje kidogo ya mji, chuo kilikua hata kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2022, na wanafunzi nao wanataka mahali pa kulala. Wageni wote hao wanafanana katika jambo moja: fedha zao huja kila mwezi kwa tarehe inayojulikana.

Mwenyeji wa mjini hana tarehe hiyo. Muuza omena hutegemea mwezi na upepo wa ziwani. Mwendesha boda boda, kazi iliyozaliwa papo hapo mpakani kwa kuvusha watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili, hutegemea abiria wa siku hiyo. Mgeni na mwenyeji hukaa katika ploti moja, ukuta mmoja kati yao, choo kimoja, bomba moja. Kodi inapopanda kwa ajili ya mmoja, humwangukia na mwenzake. Jambo hilo ndilo familia nyingi za askari hazilioni, kwa kuwa hazikutumwa kuliona.

Kisa kifuatacho ni cha mfano. Watu wake hawana majina na bei zake ni za kufanyia hesabu tu, lakini kila aliyewahi kuhamishwa atawatambua.

Konstebo mmoja alihamishiwa Busia pamoja na bibi yake na watoto wawili, mkubwa akiwa na umri wa miaka saba. Bibi alizunguka mjini siku mbili akatazama nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa kando ya lami, karibu na shule, ina maji ya bomba ndani ya kodi. Kodi yake ilikuwa shilingi 5,500 kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Maana yake ni shilingi 11,000 kabla ya kushusha godoro. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, ndani kidogo, katika ploti ya vyumba sita. Kodi yake ilikuwa 3,500 bila amana. Maji huchotwa kisimani kwa shilingi 5 kila mtungi, lakini nyuma kuna kipande cha ardhi ambacho mpangaji anaweza kulima mboga.

Konstebo alisema, "Hiyo ya pili ndiyo rahisi."

Bibi akajibu kwamba rahisi ni ghali mpaka ihesabiwe, akachukua daftari la mtoto. Mitungi sita kwa siku ni shilingi 30. Kwa mwezi ni 900. Mtoto hawezi kuvuka peke yake barabara ile ya malori, basi itabidi apelekwe na kurudishwa kwa boda boda, shilingi 100 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo ni 2,200. Ukijumlisha na kodi ya 3,500, nyumba "rahisi" inakuwa 6,600. Imeipita ile ya lami kwa shilingi 1,100.

Hata hivyo walihamia ya pili, kwa kuwa hawakuwa na 11,000. Wengi huamua hivyo. Mwenye fedha za mwanzo hununua unafuu. Asiyekuwa nazo hulipa unafuu huo kidogo kidogo mwaka mzima. Konstebo alilipa 3,500 siku hiyo hiyo bila kuuliza wapangaji wengine wanalipa kiasi gani.

Mlango wa pili alikaa mama mmoja muuza omena na binti yake wa darasa la sita. Siku ya tatu mama huyo alikuja kusalimu, akiwa na omena katika sahani iliyofunikwa. "Karibu, Mama Afande," alisema. "Huyu mdogo anasoma wapi?" Shule ilikuwa ile ile. Tangu kesho yake binti mkubwa alimshika mkono mdogo, wakavuka barabara pamoja asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi bibi alifungua tena daftari. Boda boda imefutika: 2,200. Sukuma wiki na kunde za nyuma ya nyumba zimeokoa kama shilingi 30 kwa siku, yaani 900, sawasawa na gharama ya maji. Nyumba ya 6,600 imerudi kuwa ya 3,500. Sehemu kubwa ya unafuu huo haikutoka kwa mwenye nyumba wala serikalini. Imetoka kwa jirani.

Mwezi wa tatu bibi alimkuta jirani akifunga vyombo. Alikuwa akilipa 2,500 tangu alipohamia. Sasa mwenye nyumba amemwambia kwamba kuanzia mwezi ujao ni 3,500, "kama Afande." Mama huyo alikuwa tayari na deni la mwezi mmoja, kwa kuwa ziwa lilikuwa limechafuka na omena haikupatikana. Aliona heri ahame kabla ya kufungiwa mlango.

Bibi alirudi ndani akakaa kimya. Jioni alimwambia mumewe mambo mawili. La kwanza, jirani akiondoka, shilingi 2,200 zitarudi barabarani. La pili lilikuwa zito zaidi: anaondoka kwa sababu yao. Wao ndio waliolipa bila kuuliza, na mwenye nyumba akajifunza kwamba chumba kile kinaweza kuzaa 3,500.

Konstebo alisimama akataka kofia yake. Bibi akamzuia. "Ukienda na kofia, bibi kizee ataiitikia kofia. Ukiondoka, kodi itabaki pale pale, na jirani atachukiwa. Nenda Jumapili, na shati la nyumbani."

Yafaa ifahamike hapa sheria inasemaje, kwa kuwa hasira bila sheria ni kelele. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba ya namna hiyo hawezi kupandisha kodi apendavyo wala kumtoa mpangaji bila idhini ya baraza la kodi lililowekwa na sheria hiyo. Kima hicho ni cha zamani, na kodi nyingi za siku hizi zimekwisha kukipita. Lakini katika miji midogo ya mashambani bado vimo vyumba vilivyo chini yake, na wakaao humo aghalabu hawajui kwamba wana kinga. Chumba cha muuza omena kilikuwa kwenye ukingo wenyewe wa kima hicho, na nyongeza ya shilingi 1,000 ilikuwa ikitaka kumtoa ndani ya ua wa sheria bila yeye kujua kwamba ua huo upo. Wale wa juu ya kima hicho hutegemea mapatano yao na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo humtaka anayevunja upangaji wa mwezi hadi mwezi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kung'oa mlango au kuezua mabati ili mpangaji atoke si njia ya sheria kwa nyumba ya kodi yoyote.

Jumapili walikwenda wote wawili, bila kofia, na kilo moja ya sukari. Mwenye ploti alikuwa bibi kizee, Mnyala kutoka Budalangi, bondeni mwa mto Nzoia. Mto huo umevunja kingo mara nyingi, na mwaka 2020 Ziwa Victoria lenyewe lilipanda hata likapita kimo cha mwaka 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee. Shamba lake lilikaa chini ya maji. Vile vyumba sita, alivyojenga marehemu mumewe, ndivyo vilivyobaki kuwa shamba lake, na wajukuu wanne walikuwa wakisoma kwa kodi hiyo.

Aliwaandalia chai na viazi vitamu, kisha akasema, "Mwanangu, kila kitu kimepanda. Simenti imepanda, mabati yamepanda, na hata ushuru wa serikali."

Konstebo alikuwa amekwenda kugombana na mtu mbaya, akamkuta mama mwenye hesabu kama ya bibi yake. Hapo daftari lilifunguliwa kwa mara ya tatu. Vyumba vitano kwa 2,500 na kimoja kwa 3,500 ni shilingi 16,000 kwa mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka. Ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi nchini Kenya, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokewa, huanza kwa mtu ambaye kodi zake hufikia 288,000 kwa mwaka. Hata vyumba vyote sita vikipandishwa hadi 3,500, jumla ni 252,000. Bibi kizee hakuwamo katika ushuru huo; aliusikia sokoni, akauogopa, akataka kujikinga nao kabla haujafika. Walio wengi hupandisha kodi hivyo, kwa hofu ya jambo ambalo hawakumwuliza anayelijua.

Ilibaki simenti na mabati, na hapo alikuwa na haki. Paa la choo lilikuwa limetoboka. Mazungumzo yalikwenda hadi jua kuzama. Mwishowe walipatana hivi: muuza omena ataendelea kulipa 2,500, na deni lake la mwezi mmoja atalilipa kwa vipande viwili. Konstebo na wapangaji wengine wanaume watalitengeneza paa la choo kwa mabati ya mwenye nyumba. Kila mpangaji atakuwa na kitabu kidogo, na kila kodi itakayolipwa itaandikwa humo na kutiwa sahihi, hata ikiwa imetumwa kwa simu.

Kodi ya konstebo haikushuka. Alipouliza, bibi kizee alicheka. "Wewe ulikubali mwenyewe, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kushuka hadi elfu tatu."

Shilingi 500 hizo konstebo angali akizilipa kila mwezi, na bibi yake hamwachi azisahau.

Wasomaji wa upande wa Uganda wana sheria yao. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kwamba kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kwamba mpangaji asifukuzwe bila amri ya mahakama. Ni sheria njema, lakini sheria yoyote hupita kando ya mtu asiyekuwa na karatasi. Asiye na hati ya kodi aliyokuwa akilipa jana hawezi kuthibitisha kwamba ya leo imezidi.

Kwa hiyo familia ya askari inapohamia mahali papya, yafaa ikumbuke mambo machache. Isitazame kodi pekee. Ijumlishe maji, nauli ya mtoto, taa na kuni, kisha itoe mboga na msaada wa jirani. Iulize wapangaji waliotangulia wanalipa kiasi gani kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Iombe maandishi, hata yakiwa ya nusu ukurasa, yanayotaja kodi, amana, siku ya kulipa na muda wa notisi. Iweke akiba ya amana tangu siku ambayo uhamisho unaanza kunong'onwa, kwa kuwa barua huja na siku chache tu. Nayo ilipe kwa tarehe.

La mwisho ni la sare. Wako wenye nyumba wanaoogopa kumpangisha askari, kwa kuwa wamewahi kupata mmoja aliyekaa miezi bila kulipa huku akiitundika kanzi yake mlangoni kama risiti. Sare haizibi deni. Na wako wenye nyumba wanaompenda askari kupita wengine, kwa kuwa analipa bila kuuliza. Hawa wa pili hawampendi kwa wema wake, na anayelipia upendo huo ni jirani asiye na mshahara.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika ploti ya mjini jembe hilo ni daftari, na bomba la kufagilia, na ubavu wa kuezeka choo. Asubuhi katika ploti ile watoto wawili bado huvuka barabara wameshikana mikono, malori yakisubiri zamu yao ya kuingia Uganda.